Kupima namna mtu mwenye saikosisi anavyosoma hisia usoni: maswali yanayoulizwa kila mara

Haya ni maswali ambayo wauguzi, wanafunzi wa saikolojia na ndugu wa wagonjwa wanayarudia rudia. Yanaanza na yale ya msingi halafu yanaelekea kwenye yale yanayochanganya. Ukiona jibu linakupeleka swali lingine nenda tu huko, sitaki kuandika kitu kimoja mara tatu.

## Ya msingi

1. Saikosisi inahusiana vipi na kusoma nyuso za watu?

Saikosisi wengi wanaijua kwa dalili zake za wazi: mtu anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anaamini jambo na hata umletee ushahidi wa namna gani haliachi, maneno yake hayafuatani. Inatokea kwenye skizofrenia, inatokea kwenye bipola, kwenye sonona kali, na wakati mwingine inaletwa na madawa ya kulevya au ugonjwa wa mwili.

Sasa chini ya hizo dalili kuna kitu kimekaa kimya ambacho hakuna anayekilalamikia kliniki, manake mwenyewe hajui kama anacho. Akiangalia uso wa mtu anakosea kusoma hisia iliyopo pale. Mwaka 2010 Christian Kohler na wenzake walikusanya tafiti 86 za watu wenye skizofrenia wakazijumlisha, wakakuta tofauti kubwa kati yao na watu wasio na ugonjwa. Ukubwa wenyewe ulikuwa kama 0.91 ya mkengeuko sanifu, yaani ukimchukua mtu wa katikati kabisa kwenye kundi la wagonjwa, watu kama 8 kati ya 10 wa lile kundi lingine wanamzidi.

2. Kwani ni shida ya macho?

Sio macho yenyewe, ila jinsi anavyoyatumia ni sehemu ya habari. Tafiti zilizofuatilia mwendo wa macho zimeonyesha kwamba wengi wao macho yanatembea sehemu chache tu za uso, na yale maeneo yenye habari nyingi (macho, pua, mdomo) hawayakalii kama wengine. Ndani ya ubongo kuna amigdala (sehemu ndogo inayoshughulika na hisia, hasa hofu) na yale maeneo ya chini yanayoshughulika na nyuso, huko nako kunafanya kazi tofauti wakati wa kuangalia hisia.

Pia kuna ishu ya umakini na kumbukumbu, nayo mara nyingi imeshuka kwa watu hawa, kwa hiyo sio kila kosa kwenye picha ni kosa la hisia. Hilo nimeliongelea kwenye swali la 8, na naomba usiliruke.

3. Hisia zinazopimwa ni zipi?

Sita za kawaida: furaha, huzuni, hasira, hofu, mshangao na kinyaa. Vipimo vingi vinaongeza uso usioonyesha hisia yoyote, na kwa maoni yangu huo wa saba ndio unaokufundisha mengi kuliko yote.

4. Ni hisia gani hasa zinazowashinda?

Furaha huwa haiwasumbui sana. Sababu moja ni kwamba kutabasamu ni rahisi kwa kila mtu, na sababu nyingine ni ya kihesabu tu: kwenye orodha ya hisia sita furaha ndio nzuri peke yake, kwa hiyo ukiona meno umemaliza. Hofu, hasira, huzuni na kinyaa ndio wanapoangukia zaidi, hasa hofu.

Halafu kuna ule uso usio na kitu. Baadhi ya wagonjwa wanauona una kitu, na hicho kitu mara nyingi ni kibaya. Utafiti wa Amy Pinkham na wenzake wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wenye skizofrenia ambao wakati ule walikuwa na wasiwasi wa kufuatwafuatwa na watu walikuwa wepesi kuona hasira kwenye nyuso zisizo na hasira. Hebu fikiria maana yake kwenye maisha ya kila siku, manake nyuso nyingi tunazokutana nazo barabarani na kwenye foleni hazina hisia yoyote.

5. Shida hii inaanza baada ya kuugua muda mrefu?

Hapana. Ipo tayari kwa watu walio kwenye saikosisi ya mara ya kwanza, inaonekana kidogo kwa vijana walio kwenye hatari kubwa ya kuugua, na hata kwa ndugu wa damu wasioumwa ipo kwa kiwango hafifu. Dalili kali zikitulia inaweza kupungua kidogo lakini haiishi.

## Vipimo vyenyewe

6. Vipimo vinavyotumika ni vipi?

Viko vingi mno, ila utakutana sana na hivi. Kuna picha za Ekman na Friesen za mwaka 1976, picha 110 nyeusi na nyeupe, ambazo ndio mama wa karibu kila kitu kilichofuata. Kutoka humo likatengenezwa jaribio la Ekman 60: watu 10, kila mmoja na hisia 6, kila picha inakaa kwenye skrini sekunde 5 halafu mtu anachagua jina la hisia.

ER-40 inatoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ina picha 40 za rangi na majibu matano ya kuchagua (furaha, huzuni, hasira, hofu, hakuna hisia), picha 8 kwa kila moja. Waliohusika wamechanganywa jinsia, umri na asili, na hisia nyingine ni kali nyingine ni hafifu. Inaisha haraka, na mtu aliyechoka anaimudu.

BLERT yenyewe ni video, vipande 21 vya sekunde 10. Ni mwigizaji mmoja mwanaume anarudia maneno yale yale kwa hisia 7 tofauti. Pale unapata uso, sauti na mwili kwa pamoja, kwa hiyo iko karibu zaidi na maisha, lakini mtu akikosea huwezi kusema moja kwa moja kwamba uso ndio uliomshinda.

7. Kati ya hivyo nichukue kipi?

Kama ni kwa watu wenye skizofrenia, ule mradi mkubwa wa Marekani unaoitwa SCOPE uliovipima vipimo vyenyewe, mwisho wake mwaka 2018 ulikubali BLERT na ER-40 kwenye upande wa hisia, pamoja na jaribio la Hinting ambalo ni la kuelewa mtu amekusudia nini. Kwa hiyo ukichukua ER-40 hujapotea.

Watu wengine wanadhani wakitumia betri ya MATRICS (mkusanyo wa vipimo vya umakini, kumbukumbu na kufikiri kwa wenye skizofrenia) tayari wamepima jambo hili. Hapana, ile sehemu yake ya mambo ya kijamii inauliza jinsi ya kuziendesha hisia, haiulizi kuzitambua usoni.

8. Kwanini kila mtu anasema niongeze kipimo cha pili cha nyuso?

Kwa sababu peke yake alama ya hisia haikwambii kitu cha uhakika. Mtu anaweza kufeli kwa sababu haoni vizuri, amesinzia, hajaelewa maagizo, au nyuso zote zinamshinda hata zile zisizo na hisia. Ndio mjadala wa zamani: hawa watu wana shida ya hisia au wana shida ya kila jaribio gumu? Kerr na Neale mwaka 1993 waliwapa wagonjwa kazi mbili za hisia, moja ya kutaja hisia kwenye picha 19 na nyingine ya kusema kama nyuso mbili zina hisia moja au tofauti, jozi 30, halafu wakaongeza jaribio la Benton ambalo unatambua mtu tu bila kujali hisia. Wagonjwa wakashindwa kote kote, sio kwenye hisia peke yake.

Kwa hiyo fanya hivi: mpe la hisia, mpe na la kutambua mtu. Akianguka kote, usiandike "ana shida ya kutambua hisia", andika kwamba nyuso kwa ujumla zinamsumbua na uangalie umakini wake. Akifaulu la kutambua mtu halafu la hisia likamshinda, hapo sasa una kitu cha kusema.

9. Naweza kukusanya picha mtandaoni nikatengeneza kipimo changu?

Kuchezea tu unaweza, kutoa ripoti hapana. Picha ya mtandaoni hakuna anayejua yule mtu alikuwa anahisi nini, hujui watu wasioumwa wanapata ngapi, na nyingine zina mwenyewe. Kuna makusanyo yaliyoandaliwa kwa utafiti kama KDEF ya Sweden (1998, watu 70) na NimStim yenye watu wa asili mbalimbali, omba ruhusa utumie hayo.

10. Picha nyingi ni za Wazungu. Inaharibu majibu?

Inaweza. Elfenbein na Ambady mwaka 2002 walijumlisha tafiti nyingi wakaona watu wanasoma vizuri zaidi nyuso za watu wa kundi lao, faida sio kubwa sana lakini ipo. Na mabishano yameenda mbali zaidi ya hapo, Lisa Feldman Barrett na wenzake mwaka 2019 wakaandika kwamba uso peke yake hauaminiki kama dirisha la hisia, mtu mwenye hasira sio lazima akunje uso na aliyekunja uso sio lazima ana hasira.

Mimi nachukulia hivi: kipimo kinapima kama mtu anakubaliana na wengine kuhusu uso fulani, sio kama "anajua ukweli" wa moyo wa mtu. Kwa hiyo unahitaji kundi la kulinganisha linalofanana naye, watu wa jamii yake, umri wake, elimu yake. Bila hilo kundi, alama ya chini inaweza kuwa ni umbali tu kati yake na zile picha.

## Siku ya kupima

11. Nimpime lini?

Usimpime akiwa kwenye moto wa ugonjwa, wala saa chache baada ya sindano ya kutuliza. Subiri atulie, aweze kukaa dakika ishirini hivi bila kuhangaika. Kama lazima umpime mapema, basi andika tarehe, dozi na hali yake, afu umrudie baadaye.

12. Niandae nini kabla?

Miwani yake kama anayo. Mwanga wa kutosha, skrini isiyong'aa usoni. Halafu kitu ambacho watu wanakiruka sana: hakikisha anaelewa yale majina ya hisia kabla hajaona picha hata moja. Msimulie vihadithi vifupi, mtu kafiwa, mtu kadhulumiwa, mtu kakuta chakula kimeoza na kina funza, umuulize anajisikiaje. Akishindwa hapo tatizo sio uso. Mfanyishe picha mbili tatu za majaribio.

Wakati wa kazi yenyewe usimsaidie kwa sauti wala kwa uso wako! Nakuambia hili kwa msisitizo manake watu wengi wanatabasamu mgonjwa akipata na kukunja kipaji akikosa, sasa hapo unampima nani.

13. Hajui kusoma, inakuwaje?

Msomee majibu yote kila picha, kwa mpangilio ule ule na sauti ile ile, yeye ataje au aonyeshe kwa kidole. Muda wa kujibu usiuhesabu tena. Picha yenyewe iache ikae muda uliopangwa.

## Kusoma majibu

14. Amepata 30 kati ya 60. Ni mbaya?

Kwanza ujue wa kubahatisha anapata ngapi. Majibu sita maana yake kubahatisha ni kama 10 kati ya 60, kwenye ER-40 ni 8 kati ya 40, kwenye BLERT ni 3 kati ya 21. Kwa hiyo 30 sio kubahatisha. Baada ya hapo linganisha na watu wa umri na elimu yake, manake hata wasioumwa wakizeeka wanashuka kwenye hasira, huzuni na hofu. Mzee wa miaka 70 usimpimie kwa alama za wanafunzi wa chuo.

Ila kusema kweli jumla ndio kitu ninachokiangalia mwisho. Chukua karatasi, chora jedwali, upande mmoja hisia iliyoonyeshwa, upande mwingine alichojibu. Watu wawili wote wana 30: mmoja makosa yake yametawanyika kila mahali, mwingine karibu makosa yote yameangukia "hasira". Hao sio watu wa aina moja na hawahitaji msaada wa aina moja, na jumla imewafanya mapacha.

15. Amepata hofu 8 kati ya 10. Si ana nafuu kubwa huyo?

Inategemea alisema "hofu" mara ngapi. Kama kila akiona uso mgumu anasema hofu, lazima zile za hofu zenyewe atazipata. Wagner mwaka 1993 alitoa hesabu nyepesi ya kurekebisha: idadi aliyopata ijizidishe yenyewe, halafu gawanya kwa idadi ya picha za hisia ile mara idadi ya safari alizotumia jibu lile.

Tuseme amepata 8, picha za hofu ni 10, na neno hofu amelitumia mara 20. Ni 64 gawanya kwa 200, jibu 0.32. Mwenzake kapata 6 tu lakini hofu ameitaja mara hizo hizo 6, ni 36 gawanya kwa 60, jibu 0.6. Huyu wa pili ndiye anayeijua hofu. Ukiangalia asilimia za kawaida ungemsifia wa kwanza.

16. Kipimo hiki kinaweza kuthibitisha kwamba mtu ana skizofrenia?

Hapana kabisa. Alama za chini zinapatikana kwa watu wenye usonji, Parkinson, Huntington, walioumia kichwa, wenye aina fulani za ugonjwa wa kusahau (dementia), na wenye sonona nao husoma huzuni mahali isipokuwepo. Na wapo watu wenye saikosisi wanaopata alama nzuri tu. Kinasaidia kupanga msaada, sio kumpa mtu jina la ugonjwa, na mtu akikuambia programu yake ya simu inagundua skizofrenia kwa picha za nyuso muulize swali hili hili.

17. Kwani ina umuhimu gani kama haitoi jina la ugonjwa?

Umuhimu wake uko kwenye maisha baada ya sauti kutulia. Kazi, marafiki, kuishi na watu. Uelewa wa kijamii, na kusoma nyuso kukiwa ndani yake, una uhusiano na jinsi mtu anavyoendesha maisha yake, na mara nyingi uhusiano huo ni mkubwa kuliko ule wa kumbukumbu na umakini. Kuna watu dawa zimewakubali vizuri sana na bado kila kazi wanagombana na bosi.

## Dawa na mafunzo

18. Dawa zinarekebisha?

Kidogo sana au hakuna. Dawa za saikosisi zinafanya kazi kubwa kwenye sauti na imani zisizo za kweli, ila kusoma nyuso hazikunyanyui kwa maana ya kuonekana. Dozi ikiwa kubwa hadi mtu anasinzia, alama na kasi zinashuka, na zile dawa za kuzuia mwili kukakamaa kama benzhexol zinaweza kupunguza kumbukumbu. Lakini tafadhali mtu asije akaacha dawa kwa sababu ya hili. Kuhusu oksitosini (homoni) ya kupuliza puani, majibu yamekuwa mara ndio mara hapana, sio ya kutegemea.

19. Kuna mafunzo?

Yapo, na hapa habari ni nzuri. TAR ya Ujerumani ni vikao 12, wagonjwa wawili na mtaalamu mmoja, wanaanza na sehemu za uso moja moja, nyusi zimekaaje, mdomo umekaaje, wanataja kwa maneno, halafu wanaenda kwenye uso mzima na mwisho kwenye mazingira. SCIT ni ya kikundi na inagusa pia ile haraka ya kuhukumu nia ya mtu. Alama za kutambua hisia huwa zinapanda. Kama inahamia hadi nyumbani na kazini, hapo ushahidi ni mwembamba zaidi, kwa hiyo usiahidi familia makubwa.

20. Baada ya mafunzo nimpime na picha zile zile?

Ukiweza usitumie zile zile, na kamwe usimpime na zile alizofundishiwa. Alama mbili tatu juu ni mazoea tu.

## Zile zinazochanganya

21. Uso wake mwenyewe umekuwa kama ubao, hauonyeshi kitu. Maana yake hatambui hisia za wengine?

Ni vitu viwili tofauti. Kuonyesha na kutambua sio mlango mmoja, na hata kuhisi ni mlango wa tatu. Ann Kring na John Neale mwaka 1996 waliwaonyesha watu wenye skizofrenia vipande vya filamu, nyuso zao hazikucheza kama za wengine lakini walisema wamehisi, na mwili ulionyesha hivyo hivyo. Uso kukakamaa pia unaweza kuwa ni dawa. Kwa hiyo usimhukumu kwa kumtazama, mpime.

22. Mimi ni dada yake. Nikikaa kimya ananiambia "mbona umenikasirikia". Nifanyeje?

Dada, rudi usome la 4, hapo utaelewa kwamba hakuchokozi. Uso wako wa uchovu yeye anaupokea kama hasira, na kumbishia "sijakasirika bwana!" kwa sauti ya juu kunamthibitishia. Kinachosaidia ni kuweka hisia kwenye maneno kabla hajaanza kukisia: "nimechoka na kazi, sio wewe". Sema kwa sauti ya kawaida, kaa sehemu yenye mwanga aone uso wako wote. Na siku ukiwa umemkasirikia kweli sema pia kwamba umekasirika na sababu yake, manake ukimdanganya mara moja maneno yako nayo hatayaamini.

Usimpime nyumbani kwa kumvizia na picha. Waambie kliniki unachokiona, toa mifano halisi.

23. Katikati ya kipimo anasema picha inamwongelesha.

Simama hapo hapo. Funga skrini, muulize kwa upole anasikia nini, na umjulishe anayemtibu. Hizo alama za nusu usizijumlishe wala usizikisie.

24. Anasema mama yake sio mama yake, ni mtu amevaa sura yake. Ni tatizo hili hili?

Hapana, hiyo inaitwa Capgras, ni imani kuhusu mtu ni nani, sio kuhusu anahisi nini. Anaweza kutaja hisia za yule "mama bandia" bila shida yoyote. Inahitaji daktari haraka, hasa akianza kumwogopa au kumtishia. Vipimo vya nyuso vingoje.

25. Kila picha anajibu "sijui" au anakataa kuchagua.

Kwanza ruhusu aseme kwa maneno yake mwenyewe. Wengine wanasema kitu kizuri kuliko majibu yaliyopangwa, kama "huyu anajizuia kulia" au "huyu anaigiza", na kweli ni mwigizaji, wala hajakosea. Yaandike maneno hayo kama yalivyo, kando ya alama. Akiendelea kukataa usimlazimishe abahatishe ili ujaze fomu, andika kwamba hakupimika siku hiyo, upange siku nyingine.